Tuisheni ya hesabu nyumbani kwa mwanafunzi: mwongozo kwa mwalimu anayeanza

Kila Januari, matokeo ya kidato cha pili na cha nne yakishatoka, naulizwa maswali yaleyale na vijana waliomaliza chuo wanaosubiri ajira. Wanataka kujua waanzeje na watoze ngapi. Wanataka kujua pia mtoto ambaye mama yake anasema "huyu hapendi hesabu kabisa" anafanywaje. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naweka yote hapa.

Nafundisha hesabu nyumba kwa nyumba Dar es Salaam, mwanafunzi mmoja mmoja, wengi wao wa sekondari. Ukifundisha fizikia au Kiingereza, chukua yanayokufaa. Tangulia tu kujua jambo moja, maana hatua zote zinalitegemea: mtoto anayesemwa hapendi hesabu, karibu kila mara kuna mahali aliachwa njiani na hakuna aliyerudi kumchukua. Kazi yako ni kupatafuta mahali hapo na kurudi mpaka hapo, hata kama ni darasa la tano na yeye yuko kidato cha tatu. Hamu ya kusoma huja akianza kupata. Wanaosubiri hamu ije kwanza husubiri mpaka mtihani.

Kabla hujaanza, kuwa na haya

- Kitabu cha kiada anachotumia shuleni kwake, sio ulichosomea wewe. Mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024, na ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na vitabu visivyofanana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, angalia huko kabla ya kutoa hela.
- Karatasi za mitihani iliyopita za NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), pamoja na taarifa zao za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi taarifa wengi hawazijui, na zipo kwenye tovuti yao bure. Zinaonyesha swali kwa swali watahiniwa walikosea wapi, na zimewekwa picha za majibu yaliyoandikwa kwa mkono, ya aliyepata na ya aliyekosa. Ukisoma za miaka mitatu utakuwa umejifunza makosa ambayo ungeyakuta mwenyewe kwa miaka kumi.
- Ubao mdogo mweupe na maka peni. Ukikosa, karatasi zilizotumika upande mmoja zinatosha.
- Madaftari mawili kwa kila mwanafunzi. Moja ni lako, la kuandika mlichofanya na alipokwama. La pili ni lake, na tutaliita daftari la makosa.
- Saa ya mkononi au ya mezani. Usitumie simu kama saa, ukiigusa tu na yeye atagusa yake.
- Mahali pa kukaa panapoonekana: sebuleni, barazani, popote mtu mzima wa nyumba anapopita. Chumbani mlango ukiwa umefungwa, kataa, hata mwenye nyumba akikwambia hakuna shida. Unamlinda mtoto na unajilinda mwenyewe.
- Makubaliano na mzazi kuhusu siku, saa, ada na nini kinafanyika mtoto asipokuwepo. Yaandike kwenye ujumbe wa simu, yabaki.

Hapo kwenye ada tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapoumia. Tuseme unatoza 10,000 kwa kipindi, mara tatu kwa wiki. Kwa wiki 4 ni vipindi 12, yaani 120,000. Unajiona tajiri. Sasa toa nauli: ukipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi kwa 600 kila moja, ni 2,400 kwa siku na 28,800 kwa vipindi vyote. Umebaki na 91,200. Umefundisha saa moja na robo kila kipindi, lakini umekaa njiani saa mbili, jumla saa 39. Gawanya uone: ni zaidi kidogo ya 2,300 kwa saa. Kwa hiyo tafuta wanafunzi wa mtaa mmoja au mitaa inayopakana, na uombe ada ya mwezi itangulie. Mbagala na Tabata jioni moja usijaribu.

Hatua ya 1. Ongea na mzazi, kisha ongea na mwenye shida

Mzazi atakueleza maksi. Msikilize, kisha muulize mambo mawili: mtoto alianza kushuka lini, na wakati huo kulitokea nini. Mara nyingi kuna jibu: alihama shule, aliugua muhula mzima, au mwalimu wa hesabu aliondoka na darasa likakaa bila mwalimu. Wengine walianguka kidato cha kwanza, Kiswahili cha shule ya msingi kilipogeuka Kiingereza, na hesabu yenyewe haikuwa na kosa.

Halafu kaa na mwanafunzi, mzazi akiwa karibu lakini hayumo kwenye mazungumzo. Usimuulize kwa nini anafeli. Muulize ni topiki gani anaona ina nafuu. Hata akisema "hakuna", endelea kungoja. Atasema seti, au atasema grafu. Iandike, utaihitaji.

*Angalizo:* usiahidi A. Mzazi atakubana, "kwa hiyo mwalimu, atapata ngapi?" Mwambie utampa jibu baada ya vipindi viwili, ukishampima.

Hatua ya 2. Mpime kuanzia chini

Usimpe mtihani wa kidato chake. Atapata sifuri, na wewe hutajua sifuri hiyo imetoka wapi. Mpe maswali mafupi yanayopanda ngazi. Haya ndiyo ninayotumia, bila kikokotoo na bila kumharakisha:

1. 304 − 178
2. 12 − 5 + 3
3. 1/2 + 1/3
4. 0.3 × 0.2
5. Asilimia 15 ya shilingi 40,000
6. −7 + 4
7. −3 − 5
8. Embe tatu na machungwa mawili ni shilingi 2,600. Embe moja ni 600. Chungwa moja ni ngapi?
9. 3x = 12, tafuta x
10. 2x + 3 = 11, tafuta x
11. Fungua mabano: 2(x − 5)
12. Fungua mabano: (a + b)²

Mwambie aonyeshe njia na asifute kitu. Akikosea apige mstari mmoja juu yake. Ufutio weka mfukoni mwako, kwa sababu kilichofutwa ndicho ulichokuja kukitafuta.

Hatua ya 3. Soma makosa, maksi ziache

Nenda nayo nyumbani. Usiandike "7/12" juu ya karatasi. Kila jibu lililokosewa lina njia iliyolileta, na njia hiyo kichwani mwake ina mantiki kabisa. Itafute.

Nikupe mfano wa swali la 2. Binti mmoja wa kidato cha pili, mwerevu, mwandiko kama wa kitabu, aliniandikia 4. Nikamwambia anieleze bila kumwonyesha kama amepata au amekosa. Akasema, "Mwalimu, si MAGAZIJUTO? JU inaanza kabla ya TO. Kwa hiyo tano jumlisha tatu ni nane, kumi na mbili toa nane ni nne." Amefuata alichofundishwa herufi kwa herufi. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Hakuna aliyemwambia kwamba kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja na anayetangulia kushoto ndiye anayehudumiwa kwanza, na kwamba kugawanya na kuzidisha nako ni vivyo hivyo. Sikumhutubia. Nikamuuliza: "Una elfu kumi na mbili. Umenunua kitu cha elfu tano. Shangazi akakupa elfu tatu. Una ngapi?" Akajibu kumi hata sijafunga mdomo. Kisha akaitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akasema "ah!" Kosa alilokuwa nalo tangu shule ya msingi likaondoka kwa dakika mbili. Aljebra yake yote ilikuwa inaharibika kwa sababu hiyo moja.

Makosa mengine utakayoyakuta sana:

- 1/2 + 1/3 = 2/5. Amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Mkumbushe chapati: ulikuwa na nusu, ukaongezewa theluthi, inakuwaje ubaki na pungufu ya nusu?
- −3 − 5 = 8. Amekariri "hasi na hasi ni chanya" bila kujua kwamba hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Mpe deni: unadaiwa 3,000 dukani, ukakopa tena 5,000.
- 3x = 12, kwa hiyo x = 9. Huyu amefundishwa "ikivuka upande wa pili inabadilika alama", akaivusha 3 ikawa −3. Mkataze neno kuvuka kwa mwezi mzima. Aseme anachofanya pande zote mbili.
- 2(x − 5) = 2x − 5. Cha kwanza kimegawiwa, cha pili kimesahauliwa mlangoni.
- 0.3 × 0.2 = 0.6. Hajui thamani ya nafasi, na usidanganyike kwamba ni haraka.

Gawa makosa mafungu matatu: asichokijua kabisa, anachokijua vibaya, na alichokosea kwa haraka. Fungu la pili ndilo gumu, kwa kuwa anayejua vibaya hajui kama hajui. Anza na hilo.

Hatua ya 4. Panga njia ya wiki nne tu

Chukua mapengo mawili au matatu ya chini kabisa. Namba hasi, sehemu, milinganyo rahisi. Wiki nne. Shuleni wataendelea na logi na wewe uko kwenye sehemu, na mzazi atalalamika. Mweleze mapema kwamba logi bila sehemu haisimami. Kisha, ili mtoto asiaibike darasani, tenga dakika kumi na tano za kila kipindi kwa topiki ya shuleni.

Kipindi cha kwanza cha kufundisha kianzie kwenye ile topiki aliyosema ina nafuu. Mwache akuonyeshe anachokiweza. Nilikuwa naona ni kupoteza muda, ila siku hiyo ndiyo anaamua kama wewe ni mtu wa kumwumbua au wa kumsaidia.

Hatua ya 5. Endesha kipindi, kalamu ikiwa mkononi mwake

Dakika 75 zinatosha. Zaidi ya hapo, baada ya siku nzima ya shule, unafundisha kiti. Nagawa hivi:

- Dakika 10: maswali matatu ya kipindi kilichopita na cha wiki iliyopita, daftari likiwa limefungwa.
- Dakika 10: kazi ya nyumbani. Hamsahihishi yote, mnachukua moja aliyokosa.
- Dakika 15: jambo moja jipya. Moja.
- Dakika 15: topiki ya shuleni.
- Dakika 20: anafanya mwenyewe, wewe umenyamaza.
- Dakika 5: anakufundisha wewe. Anachukua ubao, wewe ni mwanafunzi mzito wa kuelewa.

Mpango huu utavunjika. Umeme utakatika, mgeni atakuja, mtoto atakuwa hajala. Zile dakika 20 za kufanya mwenyewe ndizo zisizoguswa. Vingine punguza.

*Angalizo:* kosa kubwa kuliko yote la mwalimu mpya ni kuongea sana. Unatatua swali vizuri, mtoto anatikisa kichwa, mnaagana mmefurahi, na kesho hawezi hata kulianza. Aliyefanya hesabu ni wewe. Ukijikuta umeshika kalamu yake, irudishe.

Hatua ya 6. Uliza, halafu subiri

Futa swali la "umeelewa?" Mtoto wa Kitanzania aliyelelewa vizuri atakujibu "ndiyo mwalimu" hata nyumba ikiwa inaungua. Kukwambia hajaelewa anaona ni kukukosea adabu. Badala yake sema:

- "Nionyeshe mstari wa kwanza tu."
- "Kwa nini hapa umegawanya, hukuzidisha?"
- "Mwenzako amepata 9. Amekosea wapi?" Hili wanalipenda, kosa likiwa la mtu mwingine ulimi hulegea.
- "Jibu litakuwa kubwa kuliko 100 au dogo? Kadiria kabla hujaanza."

Ukishauliza, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, na kwenye nne utakuwa unawashwa kusema. Vumilia. Kimya hicho ndicho muda wake wa kufikiri, na shuleni penye watoto sitini hajawahi kupewa.

Kwa wa sekondari kuna mtego wa lugha. Swali linasema "5 less than x", anaandika 5 − x, kwa sababu amesoma kwa mpangilio wa maneno. Linasema "difference", yeye anajumlisha. Tengenezeni ukurasa wa maneno ya maswali: neno, maana yake kwa Kiswahili, na mfano mmoja. Muulize swali linataka nini kwa Kiswahili kwanza, halafu alitatue kwa Kiingereza. Nimewahi kuona mtoto "aliyeshindwa" milinganyo akimaliza mitano mfululizo baada ya kusomewa maswali kwa lugha ya nyumbani.

Hatua ya 7. Hamasa: ifanye kazi ndogo ndogo kila siku

Hotuba za maisha magumu achana nazo. Za "soma mwanangu, elimu ndio ufunguo" amezisikia kwa baba, kwa mjomba, kwa mwalimu mkuu na kwenye basi. Yafuatayo ndiyo nimeona yanafanya kazi.

*Daftari la makosa.* Kila kosa linaandikwa hivi: swali, nilivyofanya, sababu ya kukosea kwa maneno yangu, njia sahihi. Anaandika yeye. Baada ya wiki sita mnafungua ukurasa wa kwanza, na atacheka. "Mwalimu, kweli nilikuwa sijui hii?" Hapo sihitaji kumsifia, ameshajionea.

*Sifa iwe ya kitendo.* "Una akili sana" humtisha mtoto, kwani akikosa kesho ina maana akili imeondoka. Sema ulichokiona: "Umehakiki jibu kabla sijakwambia." "Umekwama dakika nane na hukuacha."

*Lengo liwe la kuhesabika.* Kwa wa kidato cha nne naweka namba mezani. Karatasi ya hesabu ya miaka ya karibuni imekuwa na maswali 14 kwa saa 3: sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali manne ya alama 10 kila moja. D inaanzia alama 30, C inaanzia 45. Basi namwambia, maswali matano ya sehemu A ukiyapata yote ni 30, umetoka kwenye F. Ongeza mawili ni 42. Ongeza vipande vya la nane, umefika C. Mtoto aliyekuwa anaona hesabu kama ukuta anaanza kuhesabu matofali: seti nazijua, takwimu nazijua, uwezekano nikikazana... Nimeona mabega yakishuka kwa hesabu hiyo tu. Tumekubaliana topiki nane, na hizo nane tunazichimba mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine.

*Mpe cha kuchagua.* Tuanze na sehemu au na jometri? Maswali ya kitabu au ya karatasi ya zamani? Maisha yake yote anaamuliwa, na hako kauhuru kadogo kana nguvu.

*Zawadi usitumie.* Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa napeleka soda mtoto akipata nane kwa kumi. Wiki ya tatu, kijana wa darasa la sita ananiuliza mlangoni hata "shikamoo" haijaisha: "Leo soda ipo?" Haikuwepo, na hesabu nayo siku hiyo haikuwepo.

*Usimlinganishe* na kaka yake, binamu yake wala mwanafunzi wako mwingine. Nyumbani wanamlinganisha vya kutosha.

Hatua ya 8. Kazi ya nyumbani: maswali matano

Thelathini atakopi au atafanyiwa na dada. Matano yatafanyika. Mawili ya leo, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Huo mchanganyiko ndio unaozuia kusahau, usimpe matano ya aina moja. Akwame popote, aandike "nimekwama hapa kwa sababu..." na hiyo nahesabu kuwa kazi imefanyika.

*Angalizo:* usimfanyie kazi za shuleni. Ataleta daftari saa kumi na mbili na nusu: "Mwalimu, hii ya kesho asubuhi." Mpe mwanzo, au swali linalofanana lenye namba nyingine. Ukimfanyia mara moja umeshaajiriwa kazi hiyo.

Hatua ya 9. Karatasi za zamani, kwa saa

Usizianze mapema. Karatasi nzima ya zamani mikononi mwa mtoto mwenye mapengo ni fimbo. Anza kwa maswali ya topiki mliyomaliza, baadaye sehemu A peke yake, na miezi mitatu kabla ya mtihani karatasi nzima kwa saa 3, Jumamosi asubuhi, simu ikiwa kwa mama. Mfundishe dakika kumi za kwanza asome maswali yote na kuweka alama kwenye yale anayoyajua, aanze na hayo. Sahihisheni pamoja mkitazama ule uchambuzi wa NECTA. Akiona kosa lake limechapishwa pale, limefanywa na mtu mwingine mkoa mwingine, aibu inapungua.

Hatua ya 10. Ripoti kwa mzazi, mara moja kwa mwezi

Sentensi nne kwenye ujumbe: tulichofanya, anachokiweza sasa ambacho mwezi uliopita hakukiweza, kinachobaki, ninachoomba kutoka nyumbani. Ombi liwe dogo na la kutekelezeka: "Naomba saa moja na nusu usiku asitumwe dukani." Mwonyeshe mwanafunzi ujumbe kabla hujautuma. Asihisi unamchongea.

Yakikwama

*"Kwangu anapata, shuleni anafeli."* Chunguza kama unamsaidia kwa uso. Ukikunja ndita akikosea, anajifunza kusoma ndita zako. Kaa nyuma yake wakati wa zile dakika 20, na umpe jaribio fupi la saa kila wiki mbili.

*Haongei kabisa.* Usimlazimishe. Tumia ubao: wewe andika mstari, yeye aandike unaofuata, zamu kwa zamu. Mimi nilikuwa na mmoja tuliyemaliza wiki tatu hivyo. Ya nne alisema "hapo umekosea, mwalimu", na kweli nilikuwa nimekosea.

*Swali silijui.* Sema hulijui, lichukue, urudi nalo kipindi kijacho ukiwa umelifanya. Usibabaishe, watoto wanaijua harufu ya kubabaisha. Lakini likitokea kila wiki, jiandae zaidi au mpeleke kwa mwenzako anayejua.

*Anasinzia.* Muulize amekula nini na amelala saa ngapi. Wengine wanaamka saa kumi alfajiri kuwahi gari. Hamishia vipindi Jumamosi asubuhi.

*Mzazi anamchapa kwa sababu ya ripoti yangu.* Hili limenikuta. Nikaacha kupeleka maksi kabisa, nikawa napeleka ripoti ya anachokiweza tu, na nikakaa na baba yule barazani kumweleza kwamba mtoto ameanza kunificha makosa, na nisipoyaona siwezi kumsaidia. Alielewa polepole. Ukiona mtoto anaumizwa sana, hilo si suala la tuisheni tena, lipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii.

*Anaponda mwalimu wake wa shuleni.* Usiongezee. Hata kama njia ya shuleni ni mbovu, mwambie "hiyo ni njia moja, hii ni nyingine, tuone zote zinafika wapi". Kesho atarudi kukaa mbele ya mwalimu yule, na wewe hutakuwepo.

*Ada haijalipwa mwezi wa pili huu.* Kumbusha mara moja kwa upole, mara ya pili kwa tarehe, mara ya tatu simamisha. Ongea na mzazi peke yake. Mtoto asijue, na asitumwe kuja kukwambia "mama amesema kesho".

*Ameshaweza, mzazi bado anataka niendelee.* Punguza hadi mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki mbili. Siku ya mwisho chukua daftari lako, mwachie yeye la makosa, na zile kurasa tupu zilizobaki mwambie ni zake.